Nimepigwa: vazi la "Anubis" ni shetani wa Halloween aliyebadilishwa jina

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, lugha mtanivumilia.

Kuna duka huko Second Life, ule ulimwengu wa mtandaoni, limetoa seti ya mavazi ya giza ya avata (mwili wako wa humo), wameiita Anubis, yule mlinzi wa makaburi wa Misri ya kale. Picha ya tangazo ni hatari: mwili mweusi unang'aa, dhahabu shingoni, macho yanawaka, moshi nyuma. Linden (pesa za humo) 1,800 kwa pakiti ya rangi zote, yaani zaidi ya dola 7 za Marekani, hapo hujaweka makato ya kadi. Demo, lile toleo la kujaribu kabla ya kununua, hawakuweka. Nikalipa, nikafungua boksi, nikavaa.

KUNA PEMBE.

Anubis ana kichwa cha mbweha na masikio marefu yaliyosimama. Pembe katoa wapi? Tena ni za mbuzi, zimejikunja, na masikio yamebandikwa mbele yake, kila avata ikigeuza shingo yanazama ndani ya pembe. Nikaenda kupekua bidhaa za zamani za duka hilohilo. Shetani wa Halloween: pembe zilezile, mkanda uleule, hadi mkwaruzo wa bega la kushoto ni uleule. Wamepaka rangi nyingine, wakarefusha pua, basi.

Sina ugomvi na anayetumia kiolezo. Maduka kibao hununua umbo lililokwishatengenezwa, lenye ruhusa zote, wanaweka rangi zao wanauza, ni biashara halali. Ila ukishaita kitu Anubis, nategemea umefungua hata picha moja ya ukuta wa kaburi. Huyu hakufungua. Silaha aliyoweka ni lile fyekeo refu la Mauti wa michoro ya Ulaya, wakati Anubis hushika fimbo yenye kichwa cha mnyama juu na panda mbili chini. Kwenye mkanda kuna herufi za Waskandinavia wa kale! Na maelezo ya bidhaa yanasema "mungu wa uovu". Uovu upi, jamani? Huyu ndiye wa kuhifadhi maiti zisioze, ndiye anayesimamia mizani moyo wa marehemu ukipimwa na unyoya wa Maat, mungu wa kike wa ukweli na haki. Weusi wake ni wa udongo wa Nile unaootesha mazao, rangi ya kuzaliwa upya.

Kinachoniuma zaidi, giza la kweli limo humohumo kwenye hadithi na wameliacha. Pembeni ya mizani anakaa Ammit: kichwa cha mamba, mbele simba, nyuma kiboko, anasubiri kumeza moyo wenye dhambi. Fikiria huyo ndiye anaandamana na avata yako! Sisi tumepewa popo. Na kama ubunifu ulikuwa umekauka, kaburi la Tutankhamun lilifunguliwa tangu 1922, mna Anubis wa mbao amelala, mweusi tii, masikio yana dhahabu, makucha ya fedha. Angeiga hiyo tu, nisingefungua uzi.

Sasa ufundi. Tangazo linasema inavaliwa na miili ya Gianni, Jake na Legacy, aina tatu za miili ya avata, kila moja na umbo lake. Folda tatu zipo, lakini ndani ni kitu kimoja, cha Gianni, kimebadilishwa majina. Ukiwa na Jake mapaja yanachomoza nje ya kitambaa. Mkia umekakamaa kama mpini wa jembe, wakati mifupa ya mkia ilikuja na Bento, lile sasisho la mifupa ya avata, mwaka 2016. Macho hayazimiki, na ruhusa ya kurekebisha chochote imefungwa.

NYONGEZA: Muuzaji kajibu. Anasema pembe ni "uhuru wa msanii" na bidhaa za kidijitali hazirudishwi. Haya, pembe nimemwachia. Nikamwambia anitumie toleo la Jake alilolitangaza, maana hilo nimelilipia. Tangu hapo kimya.

Anayejua duka lenye kichwa cha mbweha cha maana, chenye demo, aweke hapa. Na wale mnaoanza "mbona kwangu iko poa", wekeni picha mkiwa mmevaa Jake, mmekaa chini, bila kuhariri.