Tupeane uzoefu: mtoto kuingia akademi ya klabu ya ligi kuu (wazazi wa Mombasa)

Mama wa Mtongwe
Hamjambo ndugu zangu. Kijana wangu ana miaka 13, yuko gredi ya saba, na amepita majaribio ya akademi ya klabu ya ligi kuu. Wanamtaka mazoezini karibu kila jioni, mechi wikendi, na wakiridhika naye atahamia hosteli yao. Nyumbani ni furaha tupu. Babake alikuwa shabiki wa Bandari, klabu yetu ya hapa Mombasa, hata kabla ya 2019, mwaka ule walipotwaa Kombe la Shield na kumaliza ligi wa pili nyuma ya Gor Mahia, basi hapo hata hujadiliani naye. Mimi usingizi umenipaa. Sitaki maneno ya "mwache mtoto afuate ndoto". Aliyepitia, au mwanawe aliyepitia, anieleze alichopata na alichopoteza.

Winga wa zamani, Changamwe
Dada yangu, nimepitia. Haikuwa hapa Pwani, ilikuwa klabu ya huko bara, na jina lake nitaliacha. Kwanza nikupe mazuri, maana yapo. Mpira wa mchangani ulinifundisha chenga, akademi ikanifundisha kucheza. Kocha wetu alikuwa akisimama nyuma yangu na kuinua vidole. Kabla mpira haujanifikia lazima niwe nimegeuza shingo nikamtajia ni vingapi. Ukikosea, zoezi linaanza upya kwa timu nzima. Zoezi hilo peke yake lilinibadilisha. Tulikula vizuri, tukafundishwa kulala mapema, na kuheshimu saa.

Ubaya ulikuja mwishoni. Nilikuwa na miaka 17, msimu umekwisha, majina ya waliobaki yakatumwa kwenye simu. Langu halikuwepo. Hakuna aliyeniita, hakuna aliyempigia mamangu. Shule nayo ilikuwa imeshanitoka: mazoezi ya asubuhi yalikula masomo, na hosteli haikuwa na mwalimu wala kitabu. Nikarudi nyumbani na begi la jezi. Ilinichukua muda mrefu kumaliza kidato cha nne, nikiwa mkubwa kuliko darasa zima.

Kwa hivyo usiwaulize wamewatoa wachezaji wangapi wa timu ya taifa. Waulize wale waliotemwa mwaka jana wako wapi sasa. Na uwaombe wakukutanishe na mzazi wa mmoja wao.

Mwalimu, Tudor
Naunga mkono, na niongeze la darasani. Nilikuwa na mwanafunzi wa akademi, mtoto mwerevu wa hesabu, akawa analala kipindi cha kwanza kila baada ya siku ya mazoezi. Nilimwita mzazi na kocha, tukakaa pamoja. Kocha alikuwa muungwana, akakubali kumwachia siku moja katikati ya wiki na kumpumzisha kabisa wakati wa mitihani. Mtoto alinyanyuka. Kumbe kilichokuwa kinakosekana ni watu wazima kuzungumza.

Mama, jambo moja wazazi wengi hawalitilii maanani: mtaala wa sasa una mkondo wa sanaa na sayansi ya michezo katika sekondari ya juu, kuanzia gredi ya kumi. Mtoto anaweza kusoma michezo kama somo, na kesho akawa kocha, mtaalamu wa viungo au mwalimu hata kama hakusajiliwa na klabu yoyote. Lakini kufika huko anapitia tathmini ya gredi ya tisa, na huyo wako amebakiza miaka miwili tu. Hosteli isubiri mpaka hapo. Hilo nalisema kwa moyo wangu wote.

Kocha wa mtaani, Kisauni
Mimi ndiye yule ambaye watoto huchukuliwa kwake. Siwaonei klabu wivu. Sina gym wala daktari, nina koni na filimbi. Ila wazazi, someni karatasi kabla ya kutia sahihi.

Kanuni za FIFA ziko wazi. Mchezaji akiuzwa kwa ada kwenda nchi nyingine mkataba wake ukiwa bado haujaisha, asilimia 5 ya ada hiyo hugawiwa klabu zilizomlea tangu mwaka wake wa 12 hadi wa 23. Kati ya miaka 12 na 15, kila mwaka ni robo asilimia. Kuanzia 16 ni nusu asilimia. Mkenya mwenzetu Victor Wanyama alipotoka Celtic ya Scotland kwenda Southampton ya England mwaka 2013, ada iliyotajwa ilikuwa pauni milioni 12.5. Robo asilimia yake ni zaidi ya pauni 31,000, kwa mwaka mmoja tu wa malezi! Ndiyo maana klabu hukimbilia kumsajili mtoto mapema, na ndiyo maana timu za mtaa zinapaswa kujiandikisha kwenye shirikisho na kuwasajili vijana wao kwa majina na umri wa kweli. Nimewahi kuletewa mtoto mwenye vyeti viwili vya kuzaliwa. Nilimrudisha na mzazi wake palepale.

Pia, aliye chini ya miaka 18 hafungwi mkataba wa kulipwa unaozidi miaka mitatu. Na akitokea "ajenti" wa kumpeleka kijana wa miaka 15 kuchezea klabu ya Ulaya au Uarabuni, funga mlango: FIFA hairuhusu uhamisho wa kimataifa kabla ya miaka 18, isipokuwa kwa hali chache sana.

La mwisho linaniuma sana. Akademi hupenda watoto wanaokua mapema kuliko wenzao. Ulaya imeonekana mara nyingi kwamba waliozaliwa mwanzoni mwa mwaka hujaa kwenye vikosi vya vijana kuliko wa mwishoni, kwa sababu miezi kumi katika umri ule ni kimo na misuli. Mwanao akiachwa akiwa mdogo wa umbo, msimwambie hana kipaji. Mleteni arudi mtaani acheze.

Baba wa beki, Likoni
Sisi tuko ndani, mwaka wa pili sasa, na alhamdulillahi hatujajuta. Kijana ana nidhamu, simu ameipunguza mwenyewe. Gharama ndizo hazisemwi. Feri ni bure kwa anayetembea kwa miguu, lakini tuktuk si bure, njumu zinaisha kabla ya msimu, na akirudi usiku anakula sahani ya watu wawili. Madrasa ya jioni tulihamishia asubuhi za wikendi baada ya kuongea na ustadhi. Mwezi wa Ramadhani kocha wao husogeza mazoezi karibu na magharibi; uliza hilo mapema kama ni muhimu kwenu.

Na magoti! Wangu alivimba kifundo cha mfupa chini ya goti, ukikigusa anaruka. Mitaani wakasema akandwe kwa nguvu. Daktari akasema ni Osgood-Schlatter, huwapata watoto wanaokua kwa kasi wakicheza sana: kano huvuta mfupa ambao haujakomaa. Dawa yake kubwa ni kupunguza mzigo. Kocha wa akademi alimpumzisha bila kumtoa kikosini, na hapo ndipo nilipowaamini. Kocha anayemchezesha mtoto anayechechemea, mwondoe mwanao kwake siku hiyohiyo.

Mama wa msichana, Bamburi
Nasoma hapa kote ni "kijana, kijana". Binti yangu ana miaka 12, anacheza kiungo na wavulana wa mtaa, na kila akademi niliyobisha hodi naambiwa tutakuita. Mwaka 2024 wasichana wetu wa chini ya miaka 17 ndio waliokuwa timu ya kwanza ya Kenya kucheza Kombe la Dunia la FIFA, kule Jamhuri ya Dominika, na wakaifunga Mexico 2-1. CAF, shirikisho la soka la Afrika, nayo inazitaka klabu za wanaume zinazoshiriki mashindano yake ziwe na timu ya wanawake. Basi klabu zetu zinangoja nini kuwalea wa miaka 12?

Kocha wa Kisauni, unapokea wasichana? Kama unapokea, Jumamosi namleta. Njumu anazo.

Kocha wa mtaani, Kisauni
Mlete, mama. Tunaanza saa moja asubuhi kabla jua halijakuwa kali. Wako wengine watatu, hatakuwa peke yake.