Naomba ushauri: kwenda Australia kusomea huduma kwa watu wenye ulemavu, nikubali?

Binti_Kirumba

Wanajamvi, wakubwa shikamooni. Niko Mwanza, nina diploma ya ustawi wa jamii na nafanya kazi kwenye kituo cha watoto wenye mtindio wa ubongo na usonji. Mshahara ni mdogo sana, lakini kazi naipenda. Mdogo wangu wa kiume ana mtindio wa ubongo, nimekua nikimlisha na kumgeuza kitandani, kwa hiyo huku sikuingia kwa kukosa pa kwenda.

Kuna wakala amenipangia kwenda kusoma Australia. Naanza na Setifiketi III ya Individual Support (huduma kwa mtu mmoja mmoja) upande wa ulemavu, inafuata Setifiketi IV ya Disability Support, namalizia na diploma ya Community Services (huduma za jamii). Vyote kwa mkupuo mmoja, miaka miwili na zaidi kidogo. Anasema nikifika nitafanya kazi saa ninazotaka, ada nitajilipia mwenyewe, na nikimaliza ukaazi wa kudumu ni uhakika. Malipo ya kwanza anayataka mwezi huu huu. Baba yuko tayari kuuza kiwanja cha Buswelu. Mjomba naye anasema huko ni kubeba maboksi tu, wamebadilisha jina.

Naomba mnisaidie: kozi hii inafundisha nini hasa ambacho sikijui? Kazi ipo kweli kwa mwanafunzi? Na hilo la ukaazi likoje?

Mlezi_Melbourne

Mdogo wangu, marahaba. Nipo Melbourne na hiyo ndiyo kazi yangu, nilianza na hiyo hiyo Setifiketi III.

Naanza na mjomba. Boksi ukilibeba ukaliweka chini, yamekwisha. Huku unaingia nyumbani kwa mtu, unamwogesha, unajua siri zake, na yeye ndiye anayeamua kama urudi kesho. Australia ilipitisha sheria ya mpango unaoitwa NDIS mwaka 2013. Mtu mwenye ulemavu anayekubaliwa kwenye mpango huo hupangiwa fungu la fedha kulingana na mahitaji yake, na anachagua nani amhudumie na kwa lipi. Wako zaidi ya laki sita sasa. Mteja akisema hakutaki, hajakukosea.

Utakachojifunza: kumtoa mtu kitandani kwenda kwenye kiti mwendo kwa mashine ya kumwinua, bila kuvunja mgongo wako wala kuchubua ngozi yake. Kumlisha mwenye shida ya kumeza, maana chakula kinalainishwa na kinywaji kinafanywa kizito kwa viwango vilivyopangwa, na ukikosea kiwango anaweza kupaliwa akafa. Kuandika ripoti ya zamu. Hii iliwatesa wengi darasani kwetu. Huandiki "leo alikuwa mkorofi". Unaandika kwamba alipiga kelele baada ya televisheni kuzimwa, alitulia ilipowashwa. Anayesoma ripoti yako kesho anajua la kufanya.

Halafu kuna somo ambalo naomba ulisome kwa moyo wote: mambo yanayomnyima mtu uhuru wake. Kumfungia mlango, kumfunga mikono, kumpa dawa ya kumtuliza ili asisumbue, hata kufunga friji kwa kufuli. Huku haya yanadhibitiwa, hayafanyiki kwa uamuzi wa mhudumu mmoja aliyechoka, na yakitokea yanaripotiwa. Tume ya Kifalme, yaani tume ya juu ya uchunguzi ya nchi hii, ilisikiliza ushahidi wa ukatili dhidi ya watu wenye ulemavu kuanzia 2019 hadi 2023, ikatoa mapendekezo 222. Ukisikia waliyofanyiwa watu ndani ya nyumba za kulelewa utaelewa kwa nini walimu hawana mchezo.

Kabla ya kupewa setifiketi lazima utimize saa 120 za mafunzo kwa vitendo. Hapo ndipo wewe utakuwa mbele ya wenzako, kwa sababu mwili wa mtu hautakutisha. Lakini kuna kitu kimoja kitakusumbua. Sisi tumelelewa kwamba kumpenda mgonjwa ni kumfanyia. Huku unasimama pembeni dakika kumi mtu anafunga kifungo kimoja cha shati, na wewe mikono unaiweka nyuma. Ilinichukua muda mrefu kuuzoea utaratibu huu, na sasa nauamini kabisa.

Kazi ipo, ila nyingi kwa kuanzia ni deiwaka: wanakuita wanapokuhitaji, wiki nyingine simu haiiti. Utahitaji kibali cha NDIS cha kuonyesha kwamba historia yako imechunguzwa, ambacho hudumu miaka mitano, na cheti cha huduma ya kwanza. Karibu kila mwajiri atakuuliza leseni ya udereva.

Mkenya_Perth

Dadangu, kaka Melbourne amemaliza upande wa kazi, wacha mimi nikuambie upande wa pesa na viza, kwa sababu huyo wakala wako simwamini.

Kwanza, hakuna kufanya kazi saa unazotaka. Mwanafunzi anaruhusiwa saa 48 kwa kila wiki mbili masomo yakiendelea, tangu Julai 2023. Saa za mafunzo kwa vitendo hazihesabiwi humo, lakini pia kwa kawaida hazilipwi. Kulikuwa na ruhusa ya kupita kiwango kwa wanafunzi waliokuwa tayari wameajiriwa kutunza wazee, ikafungwa mwisho wa 2023. Mawakala bado wanaiuza.

Pili, ada ya viza ni dola 2,000 za Australia tangu Julai 2025. Ukinyimwa hairudi. Na wanataka uonyeshe dola 29,710 za kuishi mwaka mmoja, kwenu nafikiri zinakaribia milioni 50, na hapo hujaweka karo, tiketi wala bima ya afya. Sasa mtu anayekwambia utajilipia karo ukifika, hizo hesabu amezifanyia wapi? Deiwaka hailipi kodi ya nyumba na karo kwa pamoja. Nimewaona wanafunzi wakilala watano chumba kimoja na bado wanaandikiwa barua na chuo.

Tatu, afisa wa viza atauliza: una diploma tayari, mbona unashuka kusoma setifiketi? Tangu Machi 2024 mwombaji anajibu maswali kuthibitisha kwamba yeye ni mwanafunzi kweli. Wewe una jibu zuri, kituo unachofanyia kazi na ndugu yako. Liandike mwenyewe kwa maneno yako, usikubali wakala akuandikie barua ile ile anayowaandikia wote.

Nne, huu mkupuo wa kozi tatu. Sheria inasema chuo kinaweza kukuzuia kuhamia chuo kingine mpaka umalize miezi sita ya kozi kuu. Na kozi kuu kwenye mkupuo ni ile ya mwisho, diploma! Yaani chuo kikiwa kibovu, miezi sita haianzi kuhesabiwa siku unayofika, inaanzia setifiketi zote mbili zikishaisha. Wengi hugundua hili wakiwa wameshakwama.

Na vyuo vibovu vipo. Kuanzia 2024 ASQA, mamlaka inayosimamia vyuo vya ufundi, imefuta setifiketi za maelfu ya watu waliotoka vyuo vilivyonyang'anywa usajili, za huduma ya ulemavu zikiwemo. Wengine walikuwa kazini tayari. CRICOS ni rejista ya serikali ya vyuo na kozi zinazoruhusiwa kupokea wanafunzi wa kigeni. Mwambie wakala akupe namba ya CRICOS ya chuo na ya kila kozi, uiangalie wewe humo, ni bure. Na kwa kozi inayozidi wiki 25, chuo hakiwezi kukudai zaidi ya nusu ya karo kabla haijaanza.

Ukaazi wa kudumu: hakuna wakala wa kuuhakikisha. Viza ya kubaki kufanya kazi baada ya masomo ya ufundi inataka diploma au fani ya ufundi inayoendana na kazi iliyo kwenye orodha ya serikali ya fani zinazohitajika. Setifiketi III na IV za ulemavu peke yake hazikufikishi.

KitiMwendo_Temeke

Dada, mimi ndiye unayetaka kuja kumhudumia. Natumia kiti mwendo tangu nikiwa shuleni. Kila siku nanyanyuliwa kituoni kama gunia na watu wenye nia njema kabisa, hakuna anayeniuliza nashikwa wapi. Sheria ya watu wenye ulemavu tunayo tangu 2010, na ni nzuri ukiisoma. Watu waliofundishwa kutuhudumia kwa heshima ndio hawapo. Sikwambii usiende. Nenda kama mahesabu yanakubali, ila hilo la kusimama pembeni mtu afunge kifungo chake mwenyewe, anza kesho hapo kituoni kwenu. Na kwa mdogo wako pia.

Tabibu_Kili

Mkuu, kabla baba hajauza kiwanja, angalia na hapa nyumbani. Hospitali ya KCMC Moshi wanafundisha wataalamu wa kumsaidia mtu ajifunze upya kuvaa, kula na kuoga, na pale pale kuna chuo cha TATCOT wanaofundisha kutengeneza viungo bandia, wapo tangu 1981. Kama unapenda kufundisha watoto, kuna chuo cha ualimu wa elimu maalumu cha Patandi kule Arusha. Wewe mwenye diploma ya ustawi unaweza kuendelea hadi digrii. Nalisema hili kwa sababu ofisa ustawi mwenye digrii yumo kwenye orodha ya fani ambazo Australia inazihitaji, na mhudumu wa setifiketi hayumo kwa njia hiyo. Ukiitazama miaka mitano mbele badala ya miwili, njia ya hapa inaweza kukufikisha mbali kuliko ya wakala, na kiwanja kikabaki.

Binti_Kirumba

Nawashukuru sana, nimesoma kila neno, baba nimemsomea kwa sauti. Nimemwomba wakala namba za CRICOS, amejibu nilipe kwanza. Silipi. Nitaomba nafasi ya digrii mwaka huu, na kiwanja hakiuzwi. Wazo la Australia sijalitupa, ila nikija nitakuja kwa kozi ninayoijua na chuo nilichokikagua.

@KitiMwendo_Temeke, leo mdogo wangu ameshika kijiko mwenyewe. Uji umemwagika nusu. Amekataa nisimsaidie!

Kaka Melbourne, swali la mwisho: leseni ya Tanzania inafaa huko?

Mlezi_Melbourne

Kwa jimbo la Victoria, mwenye viza ya muda anaendesha kwa leseni ya nyumbani miezi sita ya kwanza, baada ya hapo lazima awe na ya hapa, na sisi Watanzania tunafanya mtihani. Majimbo mengine yana utaratibu wao, kwa hiyo uliza la kule utakakokwenda. Tunaendesha kushoto kama huko. Ukipata nafasi, jifunzie gari kubwa, noah au hiace, maana gari zenye mteremko wa kupandishia kiti mwendo nyingi ni za umbo hilo, na kurudi nyuma nazo kwenye maegesho ndiko kunakowashinda wageni.