Kubeba samaki waliogandishwa kwa ndege hadi nyumba ya kukodi Naivasha, nifunge vipi?

mama_wanne_kisauni

Assalam aleikum jamani. Naomba ushauri wa mtu aliyewahi kulifanya hili kwa mikono yake.

Disemba, watoto wakishafunga shule, tunakwenda Naivasha siku tano. Tuko kumi: mimi na mume wangu, watoto wetu wanne, mama mkwe, wifi yangu na wanawe wawili. Tumekodi nyumba nzima karibu na ziwa, ina jiko. Tunapanda ndege uwanja wa Moi hapa Mombasa asubuhi hadi Nairobi, kisha gari. Mama mkwe ana miaka 74 na safari ndefu ya kukaa kitako inamuumiza mgongo, ndiyo maana tukachagua ndege.

Chakula kingi nataka kutoka nacho nyumbani. Mama mkwe samaki wa ziwani hali kabisa, anasema wana ladha ya tope. Na mimi nikifika kule nataka kukaa na watoto, si kushinda nakuna nazi. Nimepanga nguru wa vipande kilo 5, kamba kilo 2, pweza mmoja, sambusa mbichi 100, tui zito, na rosti ya kuku.

Kinachonitia hofu ni ya mwaka jana. Tulipeleka nguru Nairobi kwa ajili ya harusi. Niliwagandisha usiku mmoja, nikawafunga magazeti, nikawatia kwenye katoni ya mafuta ya kupikia. Ndege ikachelewa kwa saa tatu nzima. Tulipofika, katoni ilitokea kwenye mkanda wa mizigo imelowa chepechepe, chini imeachia, na kipande kimoja cha nguru kimetoka, kimelala peke yake juu ya mpira mweusi, kinazunguka mbele ya watu na maji ya damu yanakifuata. Begi la mama mmoja lililokuwa nyuma yake lilikuwa limelowa upande mzima. Nilimwomba radhi, akanijibu vizuri, lakini uso wake ninao hadi leo. Sitaki kumfanyia mtu vile tena.

Nitumie kasha gani? Na barafu gani inakubalika?

mpakiaji_magongo

Waleikum salaam mama. Nimepakia mizigo uwanjani miaka sita, kwa hiyo nakwambia nilichokiona.

Kwanza soma tikiti yako. Tikiti nyingi za bei nafuu hazina mzigo wa tumboni mwa ndege, una begi la mkononi tu. Ukiulipia mzigo mapema ni nafuu kuliko kuulipia kaunta. Uzito wa kawaida ni kilo 23 kwa kipande, na kasha lenyewe linahesabiwa, kwa hiyo lipime nyumbani.

Barafu ya maji iliyo wazi usiweke kabisa. Ikiyeyuka ikavuja, mzigo unaweza kukataliwa palepale, na wana haki, kwa sababu chini yake kuna nguo za watu. Na waambie watu wa kaunta kwamba ndani ni samaki waliogandishwa. Usifiche.

Mtu asikushawishi barafu kavu bila kuijua. Ile ni hewa ya kaboni iliyogandishwa, ina baridi ya digrii 78 chini ya sifuri, inaunguza ngozi, na haigeuki maji bali hewa. Kasha likizibwa likakosa pa kupumulia linaweza kupasuka. Kwenye ndege mwisho ni kilo 2.5 kwa abiria, kwa idhini ya shirika, na kasha liandikwe juu. Ukiwa na watoto ndani ya gari lenye vioo vilivyofungwa, mimi nisingeibeba. Kwa safari yako huihitaji.

mpishi_bamburi

Dada, nimepika jikoni za hoteli huku pwani ya kaskazini miaka 11, na samaki ndiyo kazi yangu. Nisikilize kwa makini, maana hapa hatuzungumzii ladha tu.

Ndege haiharibu samaki. Angani ni kama saa moja. Hesabu saa zako zote: unatoka Kisauni saa kumi na moja alfajiri, unavuka daraja la Nyali, unakwenda hadi Changamwe, unapanga foleni, kasha linakaa kwenye toroli juani, unashuka Nairobi, unasubiri mizigo, halafu barabara. Mpaka ufike Naivasha ni adhuhuri imepita. Hizo ni saa saba au nane, ya ndege ni moja tu. Jiandae kwa hizo nyingine.

Kilichokuangusha mwaka jana ni ule usiku mmoja. Rundo la kilo tano likitiwa friza, nje linakuwa gumu, katikati bado bichi. Osha vipande, vichuje, vikaushe kwa kitambaa safi, vipange kwenye sinia safu moja visigusane. Vikishakuwa vigumu ndipo uvitie kwenye mikebe yenye kifuniko, ile ya aiskrimu inafaa sana. Mifuko ya juala, yaani ya plastiki, imepigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, na hata kabla ya hapo ilikuwa inatoboka kwa miiba. Halafu viache frizani siku tatu kamili. Kamba watie mkebeni, wamwagie maji baridi hadi yawafunike, wagande kama tofali. Hao hukaa muda mrefu kuliko kitu chochote. Pweza kumgandisha ni faida, nyama yake inalainika, hutampigapiga sana.

Kasha tafuta lile jeupe la foma, nene, ambalo halina ufa. Chukua mawili madogo badala ya moja kubwa, sababu nitakwambia. Badala ya barafu, jaza chupa za maji za nusu lita, kila moja tia vijiko viwili vikubwa vya chumvi, acha nafasi juu maana maji yakiganda hutanuka, kaza kizibo, gandisha. Barafu ya maji matupu inayeyuka kwenye sifuri, na samaki anaanza kulegea kabla ya hapo, kwenye digrii moja au mbili chini ya sifuri. Maji ya chumvi yanaanza kuyeyuka kwenye baridi zaidi, kwa hiyo yanamshika samaki angali mgumu. Na yakiyeyuka, yamo ndani ya chupa, hayamloweshi mtu.

Pakia alfajiri, dakika za mwisho, si usiku. Chini weka taulo kuukuu, kisha mikebe imebanana, chupa kando na juu, na kila upenyo uzibe kwa gazeti lililokunjwa. Hewa iliyobaki ndani ndiyo inayoyeyusha. Ziba kifuniko kwa selotepu mzunguko mzima, usilifungue hadi ufike.

Sasa hili nalisema kwa uzito. Nguru na jodari wakikaa na joto hutengeneza sumu inayoitwa histamini. Huioni, mara nyingi huinusi, na kupika hakuiondoi, wala kugandisha tena. Mtu anakula, baada ya muda mfupi uso unakuwa mwekundu, mwili unawasha, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio. Una mama wa miaka 74 na watoto. Ukifungua kasha ukakuta nguru amelegea na ana uvuguvugu, usimwonje wala usimkaange ili "kumwokoa". Mtupe. Akiwa bado ana chembe za barafu ndani yake na ni baridi, huyo ni salama.

binti_kibokoni

Mimi nina neno kwenye sambusa tu. Nyunyiza unga kidogo kwenye sinia, zipange zisigusane, zigande, ndipo uzitie mkebeni. Na kule usiziyeyushe, zitie kwenye mafuta zikiwa vilevile, moto wa wastani, la sivyo manda inashikana na kupasuka. Rosti ya kuku usitie viazi, vikigandishwa vinakuwa kama sponji. Tui likiyeyuka utaliona limekatika, maji mbali mafuta mbali. Halijaharibika, likoroge tu likipata moto.

mama_wanne_kisauni

Shukran sana, wallahi nimesoma kila neno mara mbili. Mpishi, nimempigia mwenye nyumba kumuuliza friza. Kanitumia picha: ni friji ndogo ya urefu wa kiuno, juu ina kijisehemu cha kutengenezea barafu tu. Na umeme anasema hupotea mara mojamoja. Nifanyeje?

mpishi_bamburi

Hapo ndipo makasha mawili yanapofaa. La kwanza litie vya siku mbili za mwanzo: kamba, nusu ya nguru, sambusa. La pili usiliguse, liweke sakafuni chumba chenye baridi, Naivasha usiku kuna baridi ya kweli. Kesho yake jioni lifungue, vilivyomo vihamie kwenye friji. Samaki akishayeyuka ndani ya friji mpike katika siku moja au mbili. Rosti, kwa kuwa imeshapikwa, ndiyo iwe ya mwisho. Na punguza nguru, kilo tatu na nusu zinawatosha watu kumi kwa milo miwili.

Kwa ajili ya umeme, gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu ya barafu, kiache kwenye kile kijisehemu. Ukikuta sarafu imezama, jua barafu iliyeyuka ukiwa umelala, hata kama sasa imeganda tena.

mama_wanne_kisauni

Tumerudi jana. Nimeona niwaletee habari.

Tulifika saa saba na nusu. Nilikata selotepu mkono unatetemeka kidogo. Nguru walikuwa wagumu, nikigonga kipande kwa kipande vinalia kama mawe. Chupa za juu zilikuwa zimeanza kuwa uji wa barafu. Kamba tofali lao lilikuwa zima, pembe tu ndizo zilizolainika. Taulo la chini lilikuwa kavu. Nililishika lile taulo nikakaa kitini.

Kasha la pili tulilifungua kesho yake baada ya Magharibi. Tui lilikuwa limeyeyuka nusu, nguru bado wana barafu katikati. Niliwapika usiku uleule, sikusubiri. Umeme ulipotea mara moja, sarafu haikuzama.

Sambusa 100 zilikuwa nyingi mno, na friji ile haikuzitosha. Kama 30 hivi tulizikaanga siku ya tatu asubuhi, tukampelekea mlinzi wa getini na wenzake.

Makasha ninayo bado, nimeyaosha kwa maji ya ndimu na kuyaanika. Kama kuna mtu wa huku Kisauni anasafiri likizo hii, aniandikie nimwazime.