Sungura mzee mwenye figo na viungo vibovu: matibabu gani yabaki, yapi yapunguzwe?

Nyasi_Kavu:

Habari zenu wadau. Naomba ushauri kuhusu sungura jike wa miaka 9 aliyeshafungwa kizazi. Vipimo vya damu vinaonyesha figo zimeanza kuchoka, na eksirei inaonyesha nyonga na uti wa mgongo vimesagika. Miguu ya nyuma ni dhaifu, anakojoa hapohapo alipolala na manyoya ya nyuma yanalowa. Uzito umeshuka kutoka kilo 2.1 hadi kilo 1.9. Chakula anakula, ila nyasi kavu anazigusa kidogo kuliko zamani.

Ratiba yake kwa siku: meloksikamu (dawa ya maumivu) asubuhi na jioni, dripu chini ya ngozi mara moja, uji wa sirinji mara tatu, kuoshwa nyuma mara mbili, kunyooshwa miguu mara mbili. Ukijumlisha, anashikwa mara kumi. Sasa akisikia tu mlango unafunguliwa, anajivuta hadi kwenye kona na kunipa mgongo. Anaishi na dume mzima wa afya.

Sitafuti dawa mpya. Nataka kujua kipi kati ya hivi kinamsaidia yeye, na kipi kinanifariji mimi tu.

Tabibu_wa_Wadogo:

Ndugu, umeuliza swali ambalo wengi hulifikia wakiwa wamechelewa. Sungura ni mnyama wa kuwindwa. Kwake kukamatwa na kuinuliwa ni tishio, hata mkono ukiwa na upendo kiasi gani, na hofu yenyewe hupunguza mwendo wa utumbo. Kwa hiyo kila kitendo kina gharama, na lazima faida yake iizidi gharama hiyo.

Dawa ya maumivu ndiyo ya mwisho kuguswa. Najua watu huiogopa meloksikamu kwa mgonjwa wa figo, na hofu hiyo ina msingi: dawa hupunguza damu inayopita kwenye figo, hasa mnyama akiwa amepungukiwa maji. Lakini sungura mwenye maumivu haendi kwenye bakuli la maji, hali nyasi, utumbo unasimama, na hapo atakufa kabla figo hazijamuua. Kaa na daktari wake mtafute kipimo kidogo kabisa kinachomfanya atembee, mrudie vipimo vya figo kwa utaratibu, na mwulize kama gabapentini, dawa nyingine ya maumivu, inaweza kubeba sehemu ya mzigo. Kipimo cha mbwa au paka usikitumie, kwa sababu mwili wa sungura huitoa meloksikamu haraka zaidi. Ile ya maji ni tamu na wengi huilamba wenyewe. Mpelekee sirinji pale alipolala, ncha iguse mdomo, usubiri. Hapo umeondoa kushikwa mara mbili.

Uji wa sirinji ndio ninaoutilia shaka zaidi kwako. Sungura asiyekula kabisa huhitaji takriban mililita 50 kwa kila kilo kwa siku, yaani kama mililita 95 kwa wako, zikigawanywa mara nne au tano. Huyu anakula. Ukimjaza uji mara tatu, huenda ndiyo sababu nyasi hazitamani. Anza kwa kumwekea uji huohuo kwenye kisahani kipana, mzito kidogo, wa vuguvugu. Akiulamba, sirinji iwekwe akiba kwa siku mbaya. Mpime kwa mizani ya jikoni yenye gramu, saa ileile kila siku, kabla ya kula. Ameshapoteza karibu asilimia 10 ya uzito wake, kwa hiyo kushuka tena kwa gramu 40 au 50 ndani ya wiki ni sababu ya kumpigia daktari. Na kabla ya kulaumu uzee, magego yaangaliwe kwa kifaa cha kuchungulia mdomoni. Sungura anayechagua vyakula laini na kuziacha nyasi mara nyingi ana ncha za meno zinazomkata ulimi au shavu.

Siku ya sirinji ikifika, akae kifudifudi, amefungwa kwa taulo, wewe ukiwa sakafuni. Ncha ipite pembeni, kwenye ule mwanya kati ya meno ya mbele na magego. Toa nusu mililita hadi moja, mwache atafune na kumeza, ndipo uendelee. Usimlaze chali hata kidogo. Akitulia akiwa chali, ile ni hofu iliyomgandisha, na uji ukiingia kwenye mapafu huwa vigumu kumwokoa. Tumbo likiwa gumu na limejaa kama mpira, au joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 38, usimlishe kabisa. Huenda utumbo umeziba, na hiyo ni safari ya kwa daktari saa hiyohiyo.

Mazoezi ya kunyoosha miguu ningeyafuta. Ukimwekea nyasi upande mmoja na majani mabichi hatua chache mbali, juu ya sakafu isiyoteleza, atajinyoosha mwenyewe.

Sakafu_Laini:

Naomba niongezee upande wa malazi, maana nusu ya kuoshwa kwake inatokana na sakafu. Wayo wa sungura hauna nyama ngumu kama wa paka, ni manyoya tu. Kwenye vigae miguu ya nyuma inateleza na kutanuka, nyonga inauma zaidi, naye anaamua kutosogea. Asiposogea analala kwenye mkojo. Mkojo wa sungura una chokaa nyingi, unaganda kwenye manyoya na kuunguza ngozi.

Tandika matabaka matatu: chini kitu kisichopitisha maji, katikati pedi au taulo nene la kunyonya, juu kitambaa cha manyoya mafupi kinachopitisha mkojo bila kubaki na unyevu. Jaribu kwa mkono. Mwagia nusu kikombe cha maji, subiri dakika mbili, kisha bonyeza kwa kiganja. Kiganja kikilowa, kitambaa hicho hakifai. Hakikisha hakuna nyuzi ndefu anazoweza kuzitafuna na kuzimeza. Kunja taulo mbili ndogo ziwe mito ya kuegemea ubavuni, ili asipinduke akijaribu kujisafisha.

Beseni la choo likatwe mbele, ukingo ubaki sentimita 3 hivi, na sehemu iliyokatwa uifunike kwa mkanda ili isimkwaruze. Chupa ya maji ya kuning'iniza iondoe, weka bakuli zito na fupi. Sungura hunywa zaidi kwenye bakuli, na mwenye shingo au mgongo unaouma hawezi kujiinua kufikia chupa. Majani yake ya kila siku mpe yakiwa yanadondoka maji. Nyasi ziwe usawa wa pua, pande mbili za malazi. Kucha zikatwe kila wiki nne hadi sita, kwani asiyetembea hazimaliziki, na kucha ndefu husukuma uzito kwenye kisigino hadi kinatoa kidonda.

Kuhusu kuoshwa, usimzamishe kwenye maji. Anapoteza joto haraka, na akirusha miguu kwa nguvu anaweza kuvunja uti wa mgongo. Mwombe daktari au mhudumu wake amnyoe manyoya ya sehemu inayolowa kwa mashine, si kwa mkasi, kwa sababu ngozi ya sungura ni nyembamba na huinuka pamoja na manyoya. Ikishanyolewa, kumpangusa kwa shashi na maji ya vuguvugu mara moja kwa siku hutosha, kisha unakausha kwa kugusagusa bila kusugua. Usipake malhamu yenye zinki, atailamba. Hata siku usiyomwosha, mwangalie nyuma asubuhi na jioni kama kuna mayai ya nzi. Yanaweza kuanguliwa ndani ya siku moja na funza wakaingia nyamani. Hapa sipunguzi hata kidogo.

Jambo moja husahaulika. Kile kinyesi laini kinachong'aa, chenye umbo la kichala, sungura anatakiwa kukila moja kwa moja kutoka nyuma. Mgongo ukikataa kupinda, kinabaki kimemgandia, naye anakosa protini na vitamini B. Ukikikuta kingali kibichi, mpelekee puani. Wengi hukila.

Nyasi_Kavu:

Asanteni sana. Sikuwa nimefikiria kwamba uji unaweza kuwa ndio unaoua hamu ya nyasi. Dripu hamjaigusa sana. Na nitajuaje kwamba hata tukipunguza yote haya, hali yake bado haikubaliki?

Daftari_la_Siku:

Dripu ijaribuni badala ya kuibishania. Kwa mgonjwa wa figo anayekojoa sana, maji chini ya ngozi huweza kurudisha hamu ya kula siku hiyohiyo. Angalia saa nne au tano baada ya kuwekewa: je, anakula zaidi, anajisafisha, kinyesi kinakuwa kikubwa na cha mviringo? Kama ndiyo, inalipa gharama yake. Kama hakuna tofauti, mwombe daktari muipunguze, mpime uzito na damu tena. Maji yapashwe yafikie joto la mwili. Yakiwa baridi yanauma, na mara nyingi hicho ndicho anachokikimbia, si sindano. Chupa iliyozamishwa kwenye maji moto itikise vizuri, kisha udondoshee kidogo ndani ya kifundo cha mkono wako. Usisikie moto wala baridi.

Kwa kupima hali yake, kuna kipimo cha daktari wa mifugo wa Marekani, Alice Villalobos, chenye mambo saba: maumivu, njaa, maji mwilini, usafi, furaha, kutembea, na kama siku nzuri ni nyingi kuliko mbaya. Kila moja hupewa alama 0 (mbaya kabisa) hadi 10 (nzuri kabisa), na jumla ikizidi 35 hali inahesabiwa kuwa ya kuvumilika. Ni kizuri, ila jumla inaweza kuficha jambo. Sungura mwenye 1 kwenye maumivu na 7 kwenye mengine sita anapata 43, na bado anateseka. Kwa sungura ningeyapa maumivu na kula kura ya turufu: moja likiwa chini ya 4 kwa siku mbili mfululizo licha ya dawa, jumla haina kazi tena.

Maumivu yasome usoni. Kipimo cha uso wa sungura kilichochapishwa mwaka 2012 kinatazama vitu vitano: macho kufumba nusu, mashavu kubonyea, pua kuchongoka, sharubu kukakamaa, masikio kubanwa nyuma. Kila kimoja 0 (hakipo) hadi 2 (kiko wazi), kwa hiyo hapa alama kubwa ndiyo mbaya. Lakini usimtazame ukiwa umesimama mbele yake, kwani sungura huficha maumivu akiona anaangaliwa. Egesha simu irekodi dakika kumi chumba kikiwa kitupu, halafu utoe alama kwenye video. Sikiliza pia meno. Kusaga kwa sauti ya kukwaruza, mgongo ukiwa umepinda au tumbo likikandamizwa sakafuni, ni maumivu. Mlio mwororo unapomkuna paji la uso ni raha.

Halafu andika vitu vitatu ambavyo ukivikosa si yeye tena, kwa mfano kulambana na mwenzake, kuja kupokea jani mkononi, kulala amejinyoosha. Viweke alama kila jioni. Viwili vikipotea wiki nzima, zungumza na daktari kabla dharura haijaamua kwa niaba yenu.

Tabibu_wa_Wadogo:

Nakubaliana na hapo juu, hasa video. Mpelekee daktari wake video hizo, zinamwambia mengi kuliko sungura aliyeganda juu ya meza.

Kuhusu siku ya kumpumzisha, panga mapema ukiwa na utulivu. Uliza kama daktari huja nyumbani. Omba achomwe kwanza dawa ya usingizi chini ya ngozi au kwenye msuli, alale kabisa kwenye tandiko lake, ndipo dawa ya mwisho ipitishwe kwenye mshipa wa sikio. Hakuna haja ya kumnyima chakula kabla, sungura hatapiki. Mwache ale anachokipenda hadi dakika ya usingizi.

Dume asitengwe naye sasa, isipokuwa akimsumbua au kumpanda. Mkienda kliniki, waende wote kwenye kikapu kimoja. Baada ya jike kufa, mwili ubaki karibu na dume kwa saa moja au zaidi. Atanusa, pengine atamlamba, kisha ataondoka mwenyewe. Sungura aliyeondolewa mwenzake bila kuona mara nyingi huzunguka akimtafuta na huweza kuacha kula, kwa hiyo mizani ileile ya jikoni itumike kwake siku zinazofuata. Akipitisha saa 12 bila kula, ni dharura yake naye.