Naomba ushauri: kugeuza F-5E ya kiti kimoja iwe F-5F ya viti viwili, skeli 1/72 (ndogo mara 72 kuliko ndege halisi)

Shingo_Ndefu (mwanzisha uzi)

Salaam kwenu nyote.

Nimekuwa nikiunganisha ndege ndogo za plastiki kwa miaka sita, karibu zote kama zilivyotoka kwenye boksi, na hii ndiyo mara yangu ya kwanza kuthubutu kugeuza ndege moja iwe nyingine kwa vipande nilivyochonga mwenyewe. Nilikulia jirani na Nanyuki, ambako ndege za kivita za F-5 za Jeshi la Anga la Kenya zilikuwa zikitupitia juu ya mapaa ya shule, na siku zote niliyoipenda zaidi ni ile ya viti viwili, kwa ajili ya shingo yake ndefu.

Nilikuwa na maboksi mawili ya F-5E. La kwanza nimeliharibu, na ndiyo sababu ya kuandika hapa. Nilikata kila nusu ya kiwiliwili peke yake, mara tu nyuma ya kiti cha rubani, kisha nikaweka kipande cha kuongeza urefu kwenye kila nusu kabla ya kuzigundisha pamoja. Upande wa kulia ulitoka mfupi kuliko wa kushoto kwa karibu milimita moja, na nilipoziunganisha pua ikageukia kulia kama mtu anayechungulia jirani. Nilijaribu kuinyoosha kwa maji ya moto nikaishia kuupinda na mkia pia.

Naomba kujua mambo matatu kabla sijagusa boksi la pili: nikate wapi, nifanyeje ili pua ikae sawa na mgongo, na kioo cha rubani wa nyuma nitakipata wapi ilhali kwenye boksi kimo kimoja tu.

Rula72

Ndugu, pole kwa hasara. Nitasema lile ambalo huenda hukutaka kulisikia: F-5F za viti viwili zimekwisha kutolewa kwenye boksi, kwa skeli 1/72 na 1/48 pia. Mimi niko Toronto na nimewahi kuunganisha moja. Ukihesabu saa utakazozitumia kupiga msasa, gharama ya kuagiza boksi jipya ni ndogo.

Shingo_Ndefu

Ahsante, Rula72. Ninalijua hilo, lakini usafiri na ushuru wa forodha vingenigharimu zaidi ya boksi lenyewe, na isitoshe nia yangu ni kujifunza kukata. Nikishindwa mara ya pili nitakuja kukuomba msamaha hapa hapa.

Mzee_Chubwi

Kijana, kosa lako halikuwa la mkono bali la mpangilio wa kazi. Usikate nusu mbili zilizotengana. Gundisha kwanza kiwiliwili kizima, kiache siku mbili kikauke, ndipo ukate mara moja tu, ili kwamba lolote litakalotokea upande wa kulia litokee na upande wa kushoto.

Kabla ya msumeno kugusa plastiki, chora mistari minne kwa penseli yenye ncha kali kutoka puani hadi nyuma ya mabawa: mmoja juu ya mgongo, mmoja chini ya tumbo, na mmoja kila ubavu. Mistari hiyo ndiyo itakayokuambia ukweli baadaye, kwa sababu jicho hudanganywa na umbo la F-5, ambalo limebanwa kiunoni penye mabawa na halina sehemu ndefu iliyonyooka kabisa. Zungushia utepe mgumu mahali pa kukatia, kisha ufuate ukingo wake kwa msumeno mwembamba, ukigeuza kiwiliwili kidogo kidogo badala ya kuuzamisha msumeno moja kwa moja.

Kuhusu mahali, kata mbele kidogo ya midomo ya kuvuta hewa. Hapo mbavu zinakaribia kwenda sambamba, kwa hiyo kipande utakachoingiza hakitaonekana kama bega. Ukikata mbele zaidi, penye wembamba wa pua, utapata mstari unaopungua, kisha unanyooka ghafla, kisha unapungua tena, na hakuna fila (uji wa kuzibia nyufa) itakayoficha jambo hilo. Faida nyingine ni kwamba gurudumu la mbele litasogea pamoja na pua, kama lilivyosogea kwenye ndege yenyewe.

Urefu ulioongezwa kwenye F-5F ni zaidi kidogo ya mita moja, ambao kwa skeli yako ni karibu milimita 15. Lakini kumbuka kwamba msumeno nao hula plastiki. Wangu hula karibu nusu milimita kila unapopita, na nusu milimita hiyo lazima uirudishe kwenye kipande chako.

Kwa kunyoosha, mimi hutumia njiti mbili za gurudumu la baiskeli. Hubandika kipande bapa cha plastiki nene ndani ya kila mdomo uliokatwa, hushikanisha sehemu zote mbili na kutoboa matundu mawili yanayopita kote, kisha huzichomeka njiti, moja juu na moja chini. Sehemu ya mbele hapo haiwezi kugeuka wala kuinama. Inaweza tu kusogea mbele na nyuma, nawe unaisogeza mpaka rula ikuambie basi. Laza kila kitu juu ya kioo bapa unapopima, si juu ya meza ya mbao.

Na usisahau chubwi la kuvulia samaki puani, la sivyo ndege inaweza kukukalia mkia.

Binti_Msasa

Naungana na mzee wangu hapo juu, nami nijibu suala la kioo.

Usijaribu kununua, chonga mwenyewe. Tafuta kipande kidogo cha mpingo. Mimi nilipewa bure na mchongaji wa vinyago pale Mwenge, Dar es Salaam, kutoka kwenye mabaki yaliyokuwa chini ya benchi lake. Sababu ya kutaka mpingo ni kwamba nyuzi zake ni finyu mno, na ukiusugua kwa msasa namba 600, halafu 1200, unang'aa kama kioo. Mbao za kawaida zina vinyweleo, na kila kinyweleo kitajichora kwenye plastiki yako na kuonekana mara utakapopaka rangi kwenye fremu. Chonga umbo liwe dogo kidogo kuliko kioo unachokitaka, kwa sababu unene wa plastiki utaongezeka juu yake.

Kisha chukua chupa ya maji ya kunywa iliyo nyofu, isiyo na mikunjo, ukate kitako chake, uingize umbo lako ndani na ulikaze kwa kipande cha mti ili lisichezecheze. Puliza hewa ya moto kwa blowa, kama ile ya mafundi simu, kutoka mbali kuja karibu. Chupa itasinyaa yenyewe na kulikumbatia umbo. Ya kwanza utaiunguza, ya pili itakuwa na mawimbi, na kwangu mimi ya nne ndiyo iliyofaa. Plastiki hiyo haishikani na gundi ya modeli, na supaglu huifanya iwe na ukungu mweupe, kwa hiyo tumia gundi nyeupe ya mbao.

Jambo moja zaidi: kiti cha pili kinahitaji nafasi ndefu kuliko hizo milimita 15, hivyo itakubidi kuuchonga mgongo wa ndege kuelekea nyuma ili rubani wa pili apate pa kukaa. Tena kiti chake hukaa juu kuliko cha mbele ili apate kuona. Wengi huviweka sawa, na ndege yote inapoteza sura.

Rula72

Kwa kuwa umekwisha kuamua, nami nikusaidie badala ya kukukatisha tamaa.

F-5E ina mizinga miwili ya M39 ya milimita 20 puani. F-5F ina mmoja tu, wa kushoto. Kwa hiyo ziba kabisa mfereji wa mzinga wa kulia, na uzibe kabla hujakata, wakati bado una kiwiliwili kirefu cha kushikia mkononi. Vilevile ongeza kizuizi chembamba cha hewa juu ya kila bawa, kwa plastiki ya unene usiozidi robo milimita.

Usipime kwa urefu wote wa ndege unaotajwa vitabuni, kwa sababu kitabu kimoja huhesabu na ule mrija wa puani na kingine hakiuhesabu. Pima kutoka penye mguu wa mbele hadi ukingo wa mbele wa bawa, ulinganishe na mchoro.

Shingo_Ndefu

Nawashukuru sana. Nimekwisha kuchora ile mistari minne na kuuziba mfereji wa kulia. Nimebaki na maswali mawili madogo: kipande cha kuongeza nikitengeneze kwa kitu gani, maana karatasi za plastiki za kazi hii sizipati hapa nilipo, na je, bendera ya Kenya naweza kuichapa nyumbani?

Binti_Msasa

Kaka, tazama chini ya vikombe vya mtindi na makasha ya CD. Ukiona pembetatu yenye namba 6 na herufi PS, hiyo ni plastiki ileile ya modeli yako na itayeyushana na gundi yake. Kadi za benki zilizokwisha muda hazifai, hizo ni PVC, plastiki ya aina nyingine. Ya makasha ya CD ni ngumu na hupasuka, kwa hiyo ikwaruze kwa ncha ya kisu mara kadhaa kabla ya kuivunja.

Bendera unaweza kuichapa, ila printa ya nyumbani haina wino mweupe, na mistari myeupe inayopakana na wekundu itapotea. Paka rangi nyeupe kwanza mahali pa bendera. Kenya ilianza kuzipokea ndege hizi mwaka 1978 na rangi zake zimebadilika tangu hapo, basi chagua picha moja na uifuate hiyo hiyo.

Mzee_Chubwi

Ukipanga vipande vya plastiki kimoja juu ya kingine kama chapati, tia gundi kidogo sana, na utoboe tundu katikati ya kila kimoja ili mvuke upate pa kutokea. Mimi niliwahi kuijaza gundi, nikapiga msasa, nikapaka rangi, kila kitu kikawa laini kama yai. Baada ya mwezi mmoja mifereji ikajitokeza ubavuni, mmoja kwa kila chapati.

Shingo_Ndefu

Nimekuelewa, mzee wangu. Vipande viko tayari, vyote vimetobolewa, vyote vya vikombe vya mtindi. Nakata Jumamosi asubuhi, nyumba ikiwa tulivu, nami nitarudi na vipimo vya kulia na vya kushoto.