Ukoo wa Babu Ndesario (Kilema, Kilimanjaro)

Ijumaa

Neema: Shikamooni wakubwa. Ule mti wa ukoo tuliouongelea Desemba nimeuanzisha mtandaoni. Nimemweka Babu Ndesario, Bibi Maria na watoto wao saba. Naombeni mpitie kabla sijaendelea.

Shangazi Aurelia: Marahaba mwanangu, umefanya la maana. Umeuweka mtandao gani?

Neema: WikiTree. Ni bure, na mti ni mmoja wa watu wote, kila mtu ana ukurasa mmoja tu. Ndugu yeyote akijiunga anaweza kuongeza, na kila badiliko linaonyesha nani kalifanya.

Shangazi Aurelia: Sawa. Nilihofia FamilySearch. Ule ni wa Wamormoni, na wenzetu wale hubatiza kwa niaba ya wafu. Mwaka 2008 Vatikano iliwaagiza maaskofu wasiwape vitabu vya parokia kunakiliwa. Sina ugomvi nao, ila jina la babu yangu lisipelekwe huko kabla wajukuu hatujakaa tukakubaliana.

Deo: Shikamoo shangazi. Wana kumbukumbu nyingi mno, mimi huwa natafuta humo. Lakini kutafuta ni kitu kingine. Sijapeleka jina la mtu wetu.

Baba Mdogo Gaspari: Na watoto wetu je? Tapeli akishajua jina la mama yako mzazi na siku uliyozaliwa, kazi yake imebaki ndogo.

Neema: Walio hai hawaonekani hadharani, baba. Hata hivyo sijaweka hata mmoja. Tumalize kwanza marehemu.

Deo: Neema, umeandika babu alizaliwa 1882. Umeutoa wapi mwaka huo?

Neema: Kwenye msalaba wa kaburi, kihambani, kwenye shamba la ukoo.

Baba Mdogo Gaspari: Msalaba ule tuliuweka sisi 1994 tulipojengea kaburi. Mwaka tulipewa na marehemu kaka yetu mkubwa. Yeye alisikia kwa babu mwenyewe kwamba Mangi Meli, chifu wa Moshi, aliponyongwa na Wajerumani, babu alikuwa ametoka jandoni karibuni.

Deo: Meli alinyongwa Old Moshi tarehe 2 Machi 1900. Kwa hiyo 1882 ni hesabu ya baba mkubwa, haijatoka kwenye karatasi yoyote. Ni hesabu nzuri, ila andika "yapata 1882", kisha chini uweke maneno ya baba mdogo kama alivyoyasema hapa: nani kasema, alisikia kwa nani, na leo ni tarehe ngapi. Mjukuu wetu akija kubisha, ajue anabishana na nini.

Neema: Nitafanya hivyo. Na kuna kingine. Nilipita ofisi ya parokia. Kilema misheni ilianza 1890, na vitabu vya mwanzo ni vya Kilatini. Karani hakuruhusu picha, ila alinisomea nikaandika kwa mkono, na namba ya ukurasa ninayo. Babu alibatizwa 1913, jina Petro, mtu mzima wa miaka kama 30.

Deo: Aisee! Hiyo inampeleka 1883. Kaburi na kitabu havijawahi kuonana na vinakaribiana hivyo!

Neema: Pembeni mwa mstari wake imeandikwa ndoa pia: Maria, mwaka uleule. Karani anasema ndoa ya Mkatoliki huandikwa kwenye kitabu alichobatizwa, hata akifungia ndoa parokia nyingine. Kwa hiyo shangazi zetu walioolewa mbali tutawapata humohumo.

Shangazi Aurelia: Sasa nisikilizeni. Kitabu kile kinamjua mke mmoja. Babu alikuwa na mke kabla ya Maria, anaitwa Manka. Mwenye wake wawili hakubatizwa mpaka abaki na mmoja. Manka akarudi kwao Mwika na watoto wawili. Neema, watoto wa Ndesario si saba, ni tisa.

Baba Mdogo Gaspari: Dada, hayo tuyaongee pembeni. Ukiwaandika leo, kesho watakuja kudai kihamba.

Shangazi Aurelia: Kihamba kiligawiwa zamani na masale, mimea ya mpaka, yapo. Mti wa ukoo si hati ya shamba. Bibi Maria mwenyewe ndiye aliyenieleza, tukichambua kahawa, na alilia. Alitaka wajulikane. Nimebaki mimi niliyesikia kwa masikio yangu.

Deo: Baba mdogo, hofu yako naielewa. Lakini tukiwaacha, tutakuwa tumeandika uongo kwa makusudi, na tutauita ukoo.

Baba Mdogo Gaspari: Waandikeni. Habari za mashamba zisiingie humo.

Neema: Hazitaingia. Shangazi, naomba utusimulie kwa sauti, utaje jina lako kamili, ni nani alikueleza, na mlikuwa wapi. Nitaandika neno kwa neno, na sauti yenyewe tutaitunza. Ukurasani chanzo kitakuwa wewe.

Shangazi Aurelia: 🎤 Ujumbe wa sauti (4:12)

Deo: Nimesikiliza mara mbili. Asante sana shangazi.

Deo: Neema, ukikuta Petro mwingine wa Kilema usimuunganishe na wetu haraka. Akina Petro ni wengi. Jina la baba yake na la kijiji yalingane kwanza.

Jumamosi

Shangazi Aurelia: Nimempigia mjukuu wa Manka, amekubali kuingia.

Shangazi Aurelia amemwongeza Flora

Flora: Habari zenu ndugu zangu. Aurelia amenieleza yote. Watoto wa Bibi Manka walikuwa watatu. Alirudi kwao akiwa mjamzito, na huyo wa tatu ndiye baba yangu.

Baba Mdogo Gaspari: Karibu sana dada. Hilo hatukuwahi kuambiwa.

Neema: Shikamoo shangazi. Naye alibatizwa Kilema?

Flora: Marahaba. Hapana, huku sisi ni Walutheri, mtafute usharikani Mwika. Cheti chake cha kipaimara kimo kwenye sanduku la mama. Ngoja nikitoe nikipige picha.

Neema: Pande zote mbili tafadhali, shangazi. Nyuma huwa wanaandika.