Simu ni marufuku shuleni, sawa. Adabu ya mtandaoni watoto wa Kusini watafundishwa na nani?

Wadau wa Mtwara na Lindi, naomba tulijadili hili bila matusi.

Kwenye vikao vya wazazi inajirudia hoja moja: shule zetu zinakataza simu, basi mambo ya mitandao yasifundishwe darasani, mtamfungua mtoto macho bure. Mimi napinga.

Msimu wa korosho pitia Newala au Tandahimba. Malipo ya mnada yakishaingia, simu janja zinaingia majumbani. Baba anajua kupiga na kupokea tu. Anayemuungia bando na kumwekea WhatsApp ni mtoto wa darasa la sita. Marufuku ya shule inaishia getini.

Kinachoniuma zaidi ni picha za unyago. Siku ya kuwatoa wali, yaani mabinti waliokuwa wanafundwa, watu wazima wananyanyua simu juu, jioni video iko stetasi na TikTok: sura ya binti wa miaka 10, kanga na shanga zake, na jina la kijiji limeandikwa chini. Mambo ambayo bibi zetu hawakuyasema hata mbele ya waume zao! Binti hajaulizwa, wala hajui kwamba alistahili kuulizwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeziweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti, lakini huku vijijini ni nani amewahi kumsomea mtoto au mzazi?

Wengine wanasema shule haina kompyuta, umeme wenyewe wa kubahatisha. Ni kweli, na Serikali isiachiwe kupumua kwa hilo. Ila somo hili linaanza na chaki. Mwalimu achore ubaoni mtoto mwenye sare amesimama mbele ya kibao cha shule, kisha aulize: mtu asiyekujua akiiona picha hii, atajua nini? Watataja wenyewe: nembo kwenye sweta, kijiji, njia unayopita kurudi nyumbani. Hapo awaeleze kwamba picha ukishaituma kwenye grupu, hata ukiifuta kwa wote, aliyeihifadhi bado anayo. Awafundishe ile mishale miwili ya WhatsApp: ujumbe umeshapita mikono mingi, na aliyekutumia huenda hajui ulikotoka. Na meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii", mtoto ajue kuiripoti namba ya tapeli kwa kuituma kwenda 15040, kabla babu hajatuma pesa ya korosho.

Walimu nao waanze na nafsi zao. Kurusha picha ya mwanafunzi anayechapwa au anayelia kwa kukosa ada, ati kuchangamsha grupu, ni kumdhalilisha.

Walimu mliomo humu, nisaidieni: kipindi hiki mngekiweka kwenye somo la maadili au mngekisubirisha TEHAMA? Na wewe mzazi unayepinga, mwanao akitumiwa picha ya mwenzake akiwa uchi leo usiku, umeshamwambia afanye nini?